Upatanisho wa Kisarufi

Mwalimu Vitus alihesabu KI kumi na nne katika robo saa ya kwanza ya hadithi ya binti yake, na hapo alikuwa amekosa mbili tatu kwa sababu ya bajaji iliyopita barabarani ikinguruma. Redio ilikuwa juu ya kabati. Yeye alikuwa kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili, mmoja wa mgongo na mwingine wa kuuzuia mkono wa kulia usining'inie. Sauti ya Verediana ilisoma taratibu, bila papara, ikijua kwamba Ifakara nzima imeacha kupeta mchele ili kuisikiliza.

"Kizee kilikuwa kimeamka. Kilikuwa kimelala chali, kikitazama bati, na kilipomwona Melania mlangoni kilifungua mdomo kama kinachodai chake."

Mama Justa, jirani aliyekuwa akimwangalia Mwalimu nyakati za mchana, alicheka. Halafu akakumbuka yuko na nani, akajifunika mdomo kwa upande wa kitenge na kuuliza kama Mwalimu angependa uji. Mwalimu akasema "apana." Lilikuwa moja kati ya maneno matatu aliyobaki nayo tangu kiharusi cha Novemba: ee, basi, na hapana, na hilo la mwisho lilikwisha kupoteza kichwa.

Mtu wa kawaida akiisikia hadithi ile anapata habari za mkamwana aliyechoka na baba mkwe aliyepooza. Mwalimu hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za vijijini, na sikio lake lilikwisha kuharibika kwa kazi: halikusikia habari, lilisikia viambishi. Mwanamke yule wa redioni, Melania, alipewa A yake bila mizengwe. Aliamka, alichota maji, alichoka. Mbuzi wa jirani alipewa A. Hata kuku alitaga, akajitangaza na A yake. Aliyekuwa kitandani peke yake ndiye aliyepewa KI: kikapewa, kikalishwa, kikageuzwa.

Tena mwandishi alikuwa na njia ya kukwepa. Kizee ni jina tu. Unaweza kusema kizee amekohoa, na mtu akabaki mtu. Ni kile kiambishi kidogo cha kwenye kitenzi kinachomtoa mtu katika kundi la watu na kumweka pamoja na viti na vikombe. Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya Ifakara na Mlimba. Na aliyeandika hadithi alilijua pia, kwa kuwa alifundishwa na yeye.

Kuanzia Jumamosi ile Mwalimu alitaka kitu kimoja tu duniani. Hadithi ilikuwa na sehemu saba, moja kila Jumamosi saa nane mchana. Kabla ya sehemu ya saba kwisha, alitaka binti yake ampe A moja. Hakutaka mguu wala mkono wake urudi kwa hamu aliyoitaka nayo A ile.

Hapa ni lazima tumtendee haki Verediana, kwani wapo watakaokimbilia kumlaani. Alimtunza baba yake vizuri kuliko wengi wanavyotunza wazazi wao. Baada ya kiharusi alimtoa kijijini Mbingu, akamleta nyumbani kwake Lumemo, akamwachia chumba chenye dirisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimwogesha, akampaka mafuta mgongoni na visiginoni asipate vidonda, akambadilisha shuka. Alimwambia "shikamoo Baba" kila siku, ijapokuwa alichorudishiwa kilikuwa "ee" tu. Nyumbani mle hakuna siku hata moja aliyomtajia KI. KI zote alizipeleka redioni.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kunukuu mahojiano katika mradi mmoja wa utafiti wa afya. Kutwa nzima alivaa visikilizio, akawasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza homa za watoto wao, akaandika neno kwa neno. Alikwisha gundua kwamba mwanamke anayesema "mtoto alikufa" na anayesema "mtoto alinifia" wamesimama mahali pawili tofauti, ingawa kaburi ni lile lile. Ugunduzi huo ndio uliomfanya aanze kutunga.

Mama Justa ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza. Ilikuwa baada ya sehemu ya pili, wanachambua mchele barazani, mlango wa chumba cha Mwalimu uko wazi. Alimuuliza kama haogopi watu watasema kizee wa hadithini ni baba yake.

Verediana hakuacha kuchambua. "Mimi sijasema kizee, Mama Justa. Aliyesema ni Melania. Hadithi inapita machoni mwake. Yeye akitazama pale kitandani haoni mtu, anaona kitu, na mimi nikiandika 'alikohoa' nitakuwa nimemdanganya msikilizaji." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Muulize."

Mama Justa akageuka kuelekea mlangoni, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya akiambiwa muulize, akamwona Mwalimu kwenye kiti chake, mdomo umepinda. Akarudi kwenye mchele wake.

Sasa tuseme ni nini alichofundishwa. Verediana alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa somo. Siku hiyo ubaoni kulikuwa na majina manne: kiongozi, kijana, kipofu, kiziwi. Yanaanza na KI, Mwalimu alieleza, lakini ni watu, na mtu hupewa A. Akamnyooshea kidole binti yake atunge sentensi. Verediana akasimama na kusema, "Kiziwi kimekuja."

Lilikuwa kosa la mtoto. Mwalimu mwingine angesema hapana, kaa chini, nani mwingine. Mwalimu Vitus alikuwa na sifa ya kufundisha somo likakaa, na tena hakutaka wanafunzi waseme anampendelea wa kwake.

"Umemfanya kiziwi kuwa kitu," alimwambia. "Njoo mbele, tuone wewe ukifanywa kitu utajisikiaje."

Akamsimamisha kando ya ubao. "Kisichana kimekosea," akasema, na wanafunzi sitini na watatu wakaitikia. Kisichana kinatetemeka. Wakaitikia. Kisichana kinalia. Wakaitikia kwa raha zaidi, maana sasa walikwisha kuelewa mchezo. Ndipo Jeremia, kijana wa dawati la nyuma, akaongeza ya kwake bila kuulizwa: "Kisichana kimejikojolea."

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yakishuka kwenye soksi. Mwalimu angeweza kumtoa Jeremia nje kwa kiboko, na angeweza kumtoa mtoto wake kwa mkono. Badala yake aliipima sentensi, akaona upatanisho wake wa kisarufi umekaa sawasawa, jina na kitenzi, hakuna kasoro.

"Vema," alisema. "Rudia."

Na darasa zima likarudia.

Mwaka huo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekosa swali la ngeli. Verediana aliitwa Ki mpaka alipomaliza darasa la saba. Ki kimefika. Ki kimeshika namba ngapi. Hakuwa na wa kumwendea kushitaki, kwa kuwa wa kuendewa ndiye aliyeanzisha. Mwalimu aliipenda mno hadithi ya somo lile. Aliisimulia kwa walimu wenzake, aliisimulia vilabuni, na siku ya kumuaga bibi harusi aliposimama kutoa nasaha aliisimulia tena, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bibi harusi aliyekaa mbele na shada la maua alikuwa Verediana mwenyewe. Mwalimu aliamini amempa binti yake sifa. Yapo mambo ambayo mtu msomi huhitaji kupooza ndipo ayaelewe, na mengine hata akipooza hayaelewi mara moja.

Sehemu ya tatu ilipita, ya nne ikapita. Kizee kilijimwagia uji kifuani. Kizee kilipelekwa nje kikaanikwa juani pamoja na magodoro. Mji ukaipenda hadithi. Salvatory, mume wa Verediana, aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga, alisema siku hizi wateja wakifika hawamuulizi habari za asubuhi, wanamuuliza kizee kimeamkaje. Alilisema mezani akicheka. Kisha akamwona mkwewe ameacha kutafuna, akajikohoza na kuanza habari ya mto Lumemo, kwamba umejaa na wenye majaruba ya chini wameanza kuhamisha mpunga.

Baada ya sehemu ya tano, siku ya Jumatatu, Verediana aliingia chumbani kwa baba yake na karatasi alizozichapa kazini. Akamwekea kibao cha kukatia mboga magotini, akapanga karatasi juu yake, na katika mkono wa kushoto, ule mzima, akamshikisha kalamu nyekundu. Ilikuwa kalamu yake ya zamani ya kusahihishia, ameitoa kwenye sanduku lililotoka Mbingu.

"Hii ni ya sita, Baba," alisema. "Ya saba sijaiandika. Nakuachia mpaka Jumatano."

Alisimama kidogo pale mlangoni, akaonekana kama ana neno jingine, halafu akaenda kazini.

Mwalimu Vitus alilia kwa furaha. Tangu Novemba hakuna mtu aliyempa kazi. Na mwalimu akiwekewa andiko la mwanafunzi mbele yake na kalamu nyekundu mkononi, anajua cha kufanya bila kuambiwa. Alianza saa ile ile. Mkono wa kushoto haukuwa umewahi kuandika chochote maishani. Ulitetemeka, ulikwenda pembeni, kalamu ilianguka na Mama Justa akaiokota mara ishirini. KI ya kwanza ilimchukua saa nzima kuikata, na A ya kuiweka juu yake ilimmaliza hadi chakula cha mchana. Jumatatu alisahihisha tatu. Jumanne nne. Jumatano, jasho likimtiririka, alisahihisha nne nyingine, akafika ukurasa wa mwisho.

Ukurasa huo ulikuwa na mistari michache tu juu. Nusu yake ya chini ilikuwa nyeupe, haina kitu. Mwalimu aliitazama nafasi ile akaona ni uzembe wa mpangilio na upotevu wa karatasi. Halafu akaona inafaa kwa jambo moja. Alikusanya nguvu zake za mwisho, na katikati ya nafasi ile, kwa tarakimu kubwa zilizopinda, akaandika: 6/10.

Jioni Verediana aliporudi hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akachukua karatasi, akazipitia moja moja akiwa amesimama. Mwalimu alimtazama usoni akisubiri. Alisubiri aone aibu kidogo, kisha kukubali, kama wanavyokubali wanafunzi wazuri. Verediana alifika ukurasa wa mwisho akakaa nao muda mrefu.

"Nilikuachia nusu ukurasa, Baba," alisema. "Siku tatu."

Alimtoa kalamu vidoleni. Akaloweka kitambaa, akamfuta wino mkononi, kidole kwa kidole, kwa upole ule ule wa kila siku. Akaenda jikoni kuleta uji.

Hapo ndipo Mwalimu alipoelewa. Alielewa nafasi ile nyeupe ilikuwa ya nini. Hakuwa amepewa andiko asahihishe; alikuwa amepewa kalamu aseme. Neno moja lingetosha, hata likiwa limepinda, hata likikosa herufi. Binti yake alingoja neno hilo miaka thelathini, akalitengea mahali, akamshikisha kalamu mkononi, na yeye akampa sita juu ya kumi. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakapiga kelele. Verediana aliporudi na kikombe, Mwalimu alijikakamua kulitoa neno lenyewe. "Ni," alisema. "Ni, ni." Mate yakamtoka upande wa kulia. Verediana akayafuta, akamwekea kijiko mdomoni.

Sehemu ya sita ilisomwa na KI zake zote. Hakubadilisha hata moja.

Lakini mtangazaji alitoa taarifa mwishoni: sehemu ya saba itasimuliwa kwa macho ya mzee mwenyewe. Mwalimu akaishi juma lote kwa taarifa ile. Alijipigia hesabu kama anayepanga somo. Melania akimtazama mzee anaona kitu, haya, tumekubali. Mzee akijitazama mwenyewe ataona nini? Hakuna mtu anayejitazama akaona KI. Hata mlevi mtaroni, hata mwizi akipigwa, akijiwaza anajiwaza mtu. Kwa hiyo kisarufi, kiuandishi, kwa kila kanuni aliyowahi kuifundisha, A lazima ije. Verediana alikuwa mwandishi mzuri mno kukosea jambo dogo kama lile.

Jumamosi mvua ilikuwa inajikusanya upande wa milimani. Sehemu ya mwisho ilikwisha kurekodiwa Alhamisi, kwa hiyo Verediana alikuwepo nyumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mguu wa kitanda, mikono imelala mapajani. Mama Justa alikaa mlangoni. Salvatory alikuwa mashineni. Saa nane ikafika.

"Kizee kilijua kila kitu," Verediana wa redioni alisoma, na Verediana wa kwenye kigoda hakutikisika. "Kilijua kwamba Melania amechoka, na kilijua kwa nini. Kilijitafutia jina lingine la kujiita, hakikulipata, kwa sababu kwa maisha yake yote hakikuwahi kufundisha jingine. Siku moja Melania alikiwekea karatasi magotini na kalamu mkononi, akakiachia mahali pa kuandika neno moja. Kizee kikafurahi sana. Kikasahihisha."

Mama Justa akapiga ulimi kwa masikitiko, "ts, ts," bila kujua anamsikitikia nani.

Mwalimu aliendelea kuhesabu kwa sababu hakujua cha kufanya kingine. Zilifika thelathini na tisa. Kisha sauti ya redioni ikapumua, ikashuka, na kusoma maneno ya mwisho.

"Alikufa Jumapili, saa tisa alasiri. Alizikwa Jumatatu. Alikuwa mwalimu."

Muziki ukaingia. A tatu, mfululizo, zimenyooka, hakuna kasoro. Alikuwa ameomba moja. Amepewa tatu, na zote tatu ni za marehemu.

Mama Justa alijifuta macho, akasema hadithi imemwingia, kisha akasikia matone ya kwanza juu ya bati, akatoka mbio kuanua mpunga wake. Baba na binti wakabaki wawili. Verediana akainuka, akaizima redio, akabaki amempa baba yake mgongo.

Mwalimu alijua kwamba akiikosa nafasi hii hatapata nyingine. Alilitafuta neno. Nisamehe. Aliliona mbele yake limeandikwa kwa chaki, herufi nane, NI ya mwanzo na E ya mwisho. Akauelekeza ulimi pale. Ulimi ukasita, ukajaribu, ukateleza. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita, ukashika njia na kwenda. Haikuwa njia aliyoitaka. Ulikwenda pale palipokanyagwa zaidi, miaka thelathini na mmoja ya kuitikiza madarasa na majuma saba ya redio.

"Kizee," alisema, wazi kabisa, kama alivyosema zamani ubaoni. "Kizee kina kiu."

Hakuwa na kiu.

Verediana aligeuka. Uso wake ulifunguka, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtoto anayemkimbilia baba yake kumwambia jambo. Ilikuwa sentensi kamili ya kwanza tangu Novemba; daktari alisema huenda isije kamwe. Machozi yalimjaa. Mwalimu aliyaona, akatikisa kichwa kwa nguvu zote, apana, apana, sivyo nilivyotaka kusema. Lakini apana haikutoka, kichwa tu kilitikisika, na kichwa chake tangu Novemba kilikuwa kikitikisika chenyewe.

Verediana alivuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Aliyafuta machozi kwa kiganja. Aliitazama ile midomo iliyopinda kama mtu anayepima kazi ya mwanafunzi, jina na kitenzi.

"Vema," alisema. "Rudia."

Mvua ikamwagika juu ya bati. Mwalimu Vitus alitafuta usoni mwa binti yake mahali pa kupitia, hakupaona. Aliogopa akinyamaza ulimi utafunga tena na asibaki hata na hiki. Na kwa umri wake wote alikuwa amefundisha kwamba anayeambiwa rudia, hurudia.

"Kizee kina kiu."

"Tena, Baba."

"Kizee kina kiu."

Verediana akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akarudi. Akamwinua kidevu kwa vidole viwili, taratibu, asije akapaliwa, akakisogeza kikombe midomoni.

Kizee kikanywa.